Tulikwenda Geita kutazama minara, tukarudi tukitazama nondo

Ilikuwa Jumatatu baada ya swala ya Alasiri. Wanafunzi wa madrasa walikuwa wameketi katika kibaraza cha msikiti wetu hapa Shinyanga mjini, na ustadhi alikuwa amewaita watoto wa darasa la kwanza waende mbele yake kusikilizwa. Hawakuwa wamefika mbali pale kipande cha zege, ukubwa wake kama sinia ndogo, kilipobanduka chini ya slabu na kuangukia mahali pale pale walipokuwa wameketi. Kilivunja rihali mbili. Hakuna mtoto aliyeguswa, Alhamdulillah.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti huo. Usiku ule nilifungua daftari la mihutasari, nikarudi nyuma miaka mitatu, nikakuta maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe: ufa mwembamba umeonekana chini ya slabu ya kibaraza, na imeazimiwa upakwe rangi kabla ya Idi. Ukapakwa rangi kweli, ukapendeza, nasi tukausahau.

Wakati huo kamati ilikuwa imeshughulika na jambo jingine. Waumini walikuwa wamechangia fedha za kujenga mnara, na ilikwisha kuamuliwa kwamba mimi na mweka hazina tusafiri hadi Kahama na Geita tukaone minara iliyojengwa huko na kuuliza gharama zake. Baada ya tukio la kibaraza safari haikuvunjwa, bali aliongezwa mtu wa tatu: fundi mzee aliyeimwaga slabu ile miaka 12 iliyopita. Tulitaka atueleze ni kitu gani kinachoweza kulibandua zege kama ganda la mti.

Ndugu msomaji, ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyojifunza katika safari ile ya siku nne. Nayaandika kwa sababu naamini msikiti wetu hauko peke yake, na nyumba zetu za kuishi haziko salama kuliko msikiti.

Magonjwa matatu ya ukuta

Tuliondoka alfajiri moja ya Septemba. Kabla ya kupanda gari fundi alituzungusha msikiti mzima akiwa na tochi. Alisema mtu asiyejua kutofautisha magonjwa ya jengo atatibu kila ugonjwa kwa rangi.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa katika pembe ya kusini, ambako ufa umepanda mshazari kutoka msingi hadi dirishani. Huo hautoki hewani, unatoka ardhini. Sehemu kubwa za mabonde ya Shinyanga ni udongo mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga. Mvua ikinyesha udongo huo huvimba, na kiangazi kikija husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu huingia. Wazee wa zamani waliacha mbuga iwe ya mpunga na malisho, wakajenga juu zaidi, kwenye udongo wa kichanga wauitao luseni. Sisi wa mjini tunajenga pale kiwanja kinapopatikana.

Ugonjwa wa pili ulikuwa chini ya ukuta, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Matofali ya kuchoma yalikuwa yamegeuka unga, na ukiyafikicha kwa kidole yanabaki mavumbi mekundu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda katika utambi. Yakifika usoni mwa ukuta jua huyakausha, lakini chumvi iliyokuwamo haikauki pamoja nayo. Hubaki ndani ya vitundu vya tofali, hujijenga punje kwa punje, na kulisukuma tofali mpaka limeguke. Hewa yetu kavu huifanya kazi hiyo iende mbio. Mvua za mkoa huu, kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Kila mwaka ukuta hulowa na kukauka, na kila mzunguko huacha chumvi yake.

"Na wa tatu?" nikamuuliza, nikionyesha nondo zilizochungulia pale zege lilipoanguka, nyekundu kwa kutu.

"Huo nitakuonyesha huko tuendako, Ustadhi, kwenye jengo ambalo bado linajengwa," akajibu. "Hapa tulikwisha kuuficha."

Miti iliyokuwa pazia

Njia yetu ilipita Tinde na Isaka. Tulipolipita eneo lenye vichaka vilivyofungwa, mweka hazina, ambaye amezaliwa huku, alitukumbusha habari ambayo vijana wengi hawaijui. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa wingi ili kuangamiza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba, mifugo, kuni na mkaa. Hali ikawa mbaya hata mkoa ukaitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao haukuleta maarifa ya kigeni bali uliufufua utaratibu wa Wasukuma wa ngitili: kutenga eneo na kulipumzisha ili nyasi na miti vijiotee. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Fundi akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Miti ile, alisema, haikuwa malisho na kuni tu. Ilikuwa pazia la nyumba. Upepo wa kiangazi unaokuja kasi juu ya ardhi tupu hubeba mchanga, na mchanga huo husugua rangi na lipu kama msasa. Nasi mafundi, alisema, tuna deni hapo, kwa kuwa kila tanuri la matofali ya kuchoma limekula miti yake.

Hesabu ya bati

Kahama ni mji wa malori. Magari ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi hupita huko, na pembeni yao pikipiki, mashine za kusaga, na majiko ya mkaa ya mama lishe. Tulikaribishwa katika msikiti mmoja wenye mnara mzuri wa kijani na nyeupe. Mweka hazina akauliza bei ya mnara. Mimi nikajikuta natazama paa, kwa sababu upande mmoja ulikuwa wa fedha na upande wa pili ulikuwa wa kahawia, ingawa tuliambiwa mabati yote yaliezekwa mwaka mmoja.

Upande wa kahawia ulielekea barabara na jiko la jirani anayekaanga chakula kwa kuni tangu asubuhi hadi usiku. Hapo ndipo fundi alipotueleza habari ya bati, na baadaye nimeisoma zaidi ili niiandike kwa uhakika.

Bati ni chuma chembamba kilichovikwa madini ya zinki pande mbili. Zinki ndiyo nguo yake. Ikiisha, chuma hubaki uchi na kutu huanza. Katika hewa safi zinki hujitengenezea utando wa kijivu unaoilinda. Lakini moshi wa dizeli na wa makaa ya mawe una gesi ya salfa, na injini na mioto mikali hutoa oksidi za naitrojeni. Gesi hizo zikikutana na umande au manyunyu huwa tindikali, na tindikali huuyeyusha utando ule. Zinki hujenga utando mwingine, nao huyeyushwa, na hivyo nguo huisha uzi kwa uzi.

Wataalamu hupima kuliwa huko kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa karibu maikroni 70. Bati lenye gramu 100 za zinki kwa kila mita ya mraba, zikigawanywa pande mbili, lina nguo ya maikroni 7 hivi kila upande: sehemu ya kumi ya unywele. Katika hewa kavu na safi ya kijijini zinki hupungua kwa chini ya maikroni 0.7 kwa mwaka, hivyo nguo hiyo hudumu miaka 10 au zaidi sana. Katika hewa ya mji wenye uchafu wa wastani hupungua maikroni 1 au 2. Penye moshi mwingi wa viwanda huweza kupungua maikroni 4 na zaidi, na bati lile lile likabaki uchi kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Mweka hazina aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyenunua mabati ya upande wa akina mama katika msikiti wetu, na alinunua ya bei nafuu kabisa akidhani ameokoa fedha za Waislamu. Alikuwa ameuliza namba ya geji tu, naye hakukosea kwamba namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba, hata geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28. Lakini geji hueleza unene wa bati, haielezi wingi wa zinki. Hilo la pili hakuna aliyemfundisha kuliuliza. Paa lile limeanza kuvuja mwaka wa sita, na akina mama huhamisha mikeka mvua inaponyesha.

Vumbi la Kakola, moshi wa Nyarugusu

Kutoka Kahama tulishika njia ya Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001. Sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa ya changarawe, na kila lori lililotupita lilituacha ndani ya wingu jekundu. Miti ya kandokando ilikuwa myekundu, mapaa mekundu, hata nguo zilizoanikwa uani zilikuwa nyekundu.

Mtu hudhani vumbi ni uchafu wa macho tu. Fundi alipanda ukutani mwa msikiti mdogo wa kijiji kimoja, akakwangua paa kwa kisu, akatuonyesha tabaka gumu kama udongo wa chungu. Vumbi likikaa juu ya bati hushika umande wa usiku na kuuhifadhi. Bati safi hukauka jua linapochomoza, bali bati lenye vumbi hubaki na unyevu chini ya tabaka lile kwa saa nyingi zaidi, na kutu hupata muda wa kufanya kazi. Pale vumbi lilipojaza mfereji wa kukinga maji na kugeuka tope, bati lilikuwa limetoboka.

Siku ya pili tulifika Nyarugusu, katika Wilaya ya Geita, ambako wachimbaji wadogo wamefanya kazi kwa miongo mingi. Sauti inayokukaribisha ni ya makarasha, mashine zinazoponda mawe ya dhahabu. Vumbi lake jeupe lina mchanga wa kwazi, ambao ukivutwa kwa miaka huyaharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu.

Lakini kitu kilichonishughulisha zaidi pale hakionekani. Mawe yakishapondwa na kuoshwa, dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha donge la zebaki na dhahabu huchomwa motoni. Zebaki hupanda hewani kama mvuke, dhahabu hubaki. Watu huzungumzia mvuke ule kana kwamba umekwisha. Haujaisha. Ukipoa hutua juu ya kuta, dari, mavumbi na mapaa ya jirani. Penye kusafishia dhahabu kwa tindikali ya naitriki hutoka pia moshi wa kahawia, ambao ukikutana na unyevu hurudi kuwa tindikali. Na tumekwisha kuona tindikali inavyoitendea zinki.

Imamu wa msikiti tuliosali Adhuhuri alituonyesha tangi lililokuwa likikinga maji ya paa. Zamani maji hayo yalitumika kwa udhu na kwa kunywa. Alipogundua kwamba nyumba ya nyuma ya msikiti dhahabu huchomwa usiku, aliukata mrija. Waumini wengine walinung'unika, kwa kuwa maji ya kununua ni ghali.

"Niliwaambia, ndugu zangu, kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki," alisema. "Na watoto ndio wanaokunywa zaidi, wakitoka madrasa."

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye wachimbaji wanaotumia zebaki zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi, pamoja na uchomaji wowote ndani ya maeneo ya makazi. Vipo vifaa rahisi vilivyofungwa vinavyoinasa zebaki ili itumike tena. Imamu yule alikuwa amekwenda kwa jirani yake mara mbili kwa upole kumwomba ahamishie kazi mbali na nyumba za watu. Jirani alisema atafikiri. Paa la msikiti ndilo lililokuwa shahidi kati yao: bati la upande wa jirani lilikuwa limechakaa kuliko la upande wa pili.

Nondo za Geita

Geita ni mji uliokua haraka. Dhahabu ilichimbwa huko tangu enzi za ukoloni hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Hewa yake ni tofauti na yetu, kwa kuwa Ziwa Victoria liko karibu, mvua ni nyingi zaidi na unyevu hukaa muda mrefu. Nyumba za ghorofa zinaota kila mtaa.

Mnara tuliokwenda kuutazama ulikuwa bado unajengwa. Fundi mwenyeji alitupandisha jukwaani, na hapo ndipo mzee wetu alipotimiza ahadi yake. Alinionyesha vipande vidogo vya zege vilivyowekwa chini ya nondo ili kuziinua mbali na mbao.

Chuma kilichozikwa ndani ya zege jipya hakishiki kutu, kwa sababu saruji ina ualikali mkali unaokilinda. Kipimo chake cha pH ni 12 na zaidi. Lakini zege lina vitundu visivyoonekana, na hewa ukaa huingia humo polepole, ikibadilisha chokaa iliyomo mpaka kipimo kishuke chini ya 9. Mabadiliko hayo yakiifikia nondo, ulinzi huondoka. Unyevu na hewa vikiwapo, kutu huanza. Na kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa. Haina pa kwenda, basi hulipasua zege kutoka ndani. Ule ufa mwembamba tulioupaka rangi ulikuwa ni kutu inayotafuta njia ya kutoka.

Jambo la kuzingatia ni kina. Hewa ukaa ikitumia miaka 10 kupenya milimita 10 za kwanza, haitatumia 10 mingine kwa milimita 10 zinazofuata. Itatumia karibu 30. Kwa hiyo anayezidisha unene wa zege juu ya nondo mara mbili huzidisha muda wa ulinzi karibu mara nne. Unene huo hugharimu saruji kidogo na subira kidogo. Wakati huo huo hewa yenyewe inabadilika: kabla ya zama za viwanda ilikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni, na leo zimepita 420. Gesi ile ile inayoongeza joto la dunia ndiyo inayoingia katika slabu zetu.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, mlitaka slabu ile imalizike kabla ya Ramadhani. Nondo niliilaza juu ya mbao bila kuiinua, na zege nikalizidisha maji ili litiririke upesi. Nilikuwa najua."

Sikuwa na la kumlaumu. Barua ya kumhimiza nilikuwa nimeiandika mimi.

Kabla hatujashuka fundi mwenyeji alitutahadharisha jambo jingine linalohusu nchi ya dhahabu hasa. Wapo wanaopenda kutumia mawe ya magwangala, yaani mabaki ya mgodini, kama kifusi au kokoto. Baadhi ya mawe ya dhahabu huwa na madini ya salfa na chuma yanayong'aa kwa rangi ya dhahabu. Yakipata hewa na maji huzalisha tindikali na salfeti, ambazo hulivimbisha na kulilegeza zege. "Jiwe lililofukuliwa chini lilikuwa limelala bila hewa," alisema. "Ukilileta juu usilolijua, linaamkia ndani ya nyumba yako." Yeye hununua kokoto za machimbo ya mawe ya kawaida, na wasiojua huwashauri wapime kwanza.

Wengine walivyopita njia hii

Usiku wa mwisho tulizungumza sana kwenye nyumba ya wageni. Mweka hazina aliona aibu, kana kwamba sisi tu ndio tuliodanganywa na rangi. Nikamkumbusha Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, ambalo kwa miaka mingi lilipigwa na chumvi ya bahari, unyevu na mvua. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati uliokuwa umechelewa, sehemu yake ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

Nikamweleza pia Taj Mahal ya Agra, iliyoanza kujengwa mwaka 1632 kwa amri ya Shah Jahan. Marumaru yake meupe yalianza kuwa ya manjano kwa masizi, vumbi na moshi. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliviamuru viwanda vya eneo hilo vilivyotumia makaa ya mawe vihamie kwenye gesi au viondoke. Mafundi hulisafisha jengo kwa kulipaka udongo laini wa mfinyanzi, kuuacha ukauke pamoja na uchafu, kisha kuuosha.

Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa maskini wenzetu. Msikiti mkuu wa Djenné, nchini Mali, umejengwa kwa udongo mtupu, na jengo la sasa ni la mwaka 1907. Mvua moja kubwa ingetosha kuuumiza. Hata hivyo umesimama zaidi ya karne, kwa kuwa kila mwaka kabla ya mvua mji mzima hutoka kuupiga lipu upya: mafundi hupanda ukutani, vijana huchanganya na kubeba udongo, wanawake huleta maji. Hakuna anayesubiri ufa.

Mweka hazina akafikiri, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake. "Fedha ya mnara si yetu. Watu waliitoa kwa nia ya mnara. Tukiitia kwenye slabu tutajibu nini?"

Alikuwa amesema kweli. Sharti la mtoaji huheshimiwa, na kamati ni wakili tu. Lakini nilichojifunza chuoni katika mlango wa wakfu ni kwamba mapato ya wakfu huanza kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya matumizi mengine, kwa kuwa wakfu ukianguka manufaa yote huanguka nao. Na wanazuoni wanapoifasiri aya ya 18 ya Surat At-Tawba, inayohusu kuiamirisha misikiti, hutaja ibada pamoja na kuyatengeneza majengo yake. Hapakuwa na njia ila kuwarudia waliotoa na kuwauliza.

Tulivyorudi

Tuliitisha mkutano Ijumaa iliyofuata. Nilisoma mbele ya waumini ule muhtasari wa miaka mitatu iliyopita, nikakiri kuwa ni mwandiko wangu. Fundi naye alisimama akaeleza yake bila kulazimishwa. Kisha tukamfuata kila mchangiaji wa mnara. Wengi waliridhia fedha zao zihamie kwenye ukarabati. Wachache hawakuridhia, na mmoja wao ni bibi aliyetoa kwa ajili ya marehemu mumewe. Zao zimebaki katika hesabu ya mnara, na hatukumkasirikia yeyote. Zilizopatikana zimetosha slabu. Paa la akina mama bado, na masika haya watahamisha mikeka tena. Nalisema hili ili msomaji asidhani mambo yalikwisha kwa mkutano mmoja.

Kazi ya slabu ilifanyika hivi: zege lililolegea liliondolewa lote, nondo zikasuguliwa mpaka chuma kikang'aa, zilizokwisha kuliwa zikaongezewa nyingine, kisha likajazwa zege zito lenye unene unaotakiwa na kumwagiwa maji siku 7 mfululizo ili likomae. Rangi ilikuja mwisho.

Kwa familia zetu nimechagua machache yasiyohitaji fedha nyingi. Kabla ya Novemba, pandeni au mwite kijana afagie vumbi juu ya paa na azibue mifereji. Yakingeni maji ya paa yasirukie chini ya ukuta. Mnaponunua bati ulizeni geji, na ulizeni pia gramu za zinki. Mnapomwaga zege simameni mwone nondo imeinuliwa kutoka kwenye mbao. Jiko la kuni na moto wa taka viwe mbali na ukuta. Moshi unaolichakaza bati unaingia pia vifuani mwa watoto. Pandeni mti upande upepo unakotoka. Na mkiona ufa, gongeni kwanza kwa nyundo ndogo: palipolia kama debe tupu, msipake rangi.

Katika daftari langu sasa kila kikao kina ajenda ya kudumu, mara tu baada ya dua ya kufungua: hali ya jengo. Kikao kilichopita niliandika kwamba mjumbe mmoja ameona doa la kutu kwenye lenta ya mlango wa mashariki, na kwamba fundi ataligonga kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.